Yasmin na Mwajuma katika Kidato cha Pili: kufundisha riwaya ya ubaguzi Zanzibar

Walimu wa Kiswahili wa Unguja na Pemba wanaijua Vuta N'kuvute. Riwaya hii ya Adam Shafi, Mzanzibari aliyezaliwa mwaka 1940, ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, na kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa riwaya teule za Kidato cha Tano na cha Sita. Lakini mwambie mwalimu wa Kidato cha Pili achukue kurasa chache za kitabu hicho azisome na wanafunzi wake, uone atakavyosita. Atakuambia kina mambo ya watu wazima. Atakuambia kina maneno ya kuwadharau watu kwa rangi na asili zao, na darasani kwake wamo watoto wa kila asili. Atakuambia haitapita wiki mzazi atakuwa yuko ofisini kwa mwalimu mkuu, anauliza mwanawe anafundishwa nini.

Hoja zote tatu zina uzito. Hata hivyo kungoja mpaka Kidato cha Tano ni kuchelewa. Watoto wengi wa visiwa hivi hawafiki huko. Na yule wa miaka 13 au 14 keshajua, bila ya kufundishwa na mtu, ni nani katika mtaa wao hawezi kuja kuposa nyumbani kwao. Keshasikia Mpemba anavyosemwa, Mbara anavyosemwa, Mhindi wa dukani anavyosemwa mara tu wateja wakishatoka nje. Umri huo ndio wa kuyazungumza, kabla hayajamganda.

Kinachonisumbua mimi ni jengine. Tunapofundisha riwaya inayohusu ubaguzi, huwa tunamwacha mwanafunzi aondoke na imani kwamba ubaguzi ni kazi ya watu wabaya, na kwamba watu hao walikwishaondoka pamoja na mkoloni. Vuta N'kuvute, ukiisoma kwa utulivu, haisemi hivyo. Wanaomfungia Yasmin mlango si Waingereza. Ni jamaa zake wa damu, watu waliomlea.

Kwa ambaye hajakisoma: kisa ni cha miaka ya hamsini, Zanzibar ikiwa bado chini ya Uingereza. Yasmin ni msichana wa Kihindi wa miaka 15 anayeozwa mwenye duka wa miaka 52, Bwana Raza. Hamtaki. Rafiki yake ni Mwajuma, mwanamke wa Kiswahili asiye na mali, anayeishi maisha yake apendavyo. Raza anahamia Mombasa na mkewe. Yasmin anamkimbia, anarudi Unguja, anakwenda kwa mjomba wake, Gulamu. Mjomba anamfukuza. Anaishia kwa Mwajuma, na ndipo anapoingia katika mapenzi na Denge, kijana aliyesoma Urusi anayepigania uhuru kwa siri huku polisi wa mkoloni wakimwinda. Mwaka 2021 Amil Shivji alikitoa kisa hiki katika filamu iliyoonyeshwa mpaka katika tamasha la Toronto. Filamu ni nzuri, lakini isichukue nafasi ya kitabu darasani. Mtoto anayetazama huona sura na nguo. Anayesoma hulazimika kuingia katika moyo wa mtu.

Sitetei kukisoma chote na watoto wa miaka 13. Mna pombe, mna madansi, mna mambo ya chumbani, na mzazi wa Kizanzibari anayeuliza kuhusu hayo ana haki ya kuuliza. Kinachofaa Kidato cha Pili ni vipande vinne: kuozwa kwa Yasmin, urafiki wake na Mwajuma, kufukuzwa na mjomba, na kupokelewa kwake. Hivyo vinatosha kwa muhula mzima. Yaliyobaki mwalimu ayasimulie kwa maneno yake, kwa kifupi, na aseme wazi kwamba kitabu kina sehemu watakazozisoma wakishakuwa wakubwa. Watoto hupokea maneno hayo bila ya shida. Wasichokipokea ni kudanganywa kwamba wamesomeshwa kitabu kizima.

Nakala zikiwa mbili tatu kwa darasa zima, na mara nyingi ndivyo ilivyo, mwalimu asome kwa sauti. Upungufu huo una faida yake. Anayesoma ndiye anayeshika mwendo: anajua wapi apunguze, wapi asimame, wapi awaache watoto wakae kimya kidogo. Na asianze na utangulizi wa mwandishi wala tarehe. Aanze na msichana wa miaka 15 anayeozwa mtu wa makamo ya babu yake. Wasichana wa Kidato cha Pili wana dada wa umri huo, baadhi yao wanaukaribia wenyewe. Watainua vichwa.

Historia ije baadaye, na isiwe nyingi. Mtoto anahitaji kujua kwamba mji aliouzoea uligawanywa: Mji Mkongwe upande mmoja, Ng'ambo upande wa pili, na kati yao mkono wa bahari ambao baadaye ulifukiwa. Leo anapita hapo kwa daladala, katika Barabara ya Benjamin Mkapa ambayo wazee bado wanaiita Creek Road. Lakini ajue pia kwamba mgawanyo huo haukuwa safi. Mji Mkongwe walikuwamo maskini, na Ng'ambo walikaa watu wa asili nyingi. Ajue kwamba serikali ya kikoloni iliwahesabu watu kwa asili zao, na kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hata mgao wa chakula ulifuata asili ya mtu, mchele usimfikie kila mmoja kwa kipimo kimoja. Mtoto akilisikia hilo la mchele, anaelewa mara moja kilichowafanya watu washindanie jina la kabila. Hakuna haja ya mhadhara.

Jambo la utumwa nalo lisirukwe. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 hali ya utumwa ikaondolewa katika sheria. Mwambie mwanafunzi afanye hesabu: mtu aliyezaliwa mtumwani mwaka 1890, miaka ya hamsini alikuwa na umri gani? Alikuwa mzee wa sitini na kitu, yuko barazani, anakunywa kahawa na mtoto wa aliyewahi kuwa na watumwa. Kuanzia hapo ni rahisi kufahamu kwa nini siasa za wakati ule zilikuwa kali namna ile: vyama vilivyoundwa, ZNP mwaka 1955, ASP mwaka 1957, ZPPP mwaka 1959, na ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 zilizoua watu 68. Dakika 40 za kipindi kimoja zinatosha kwa yote hayo. Kipindi kinachofuata, turudi kwa Yasmin.

Sasa nifike penye ugonjwa wenyewe. Fungua daftari la fasihi la mwanafunzi yeyote na utakuta kitu cha namna hii, kimenakiliwa ubaoni au kwenye kitini: "Dhamira: (i) ubaguzi wa rangi, (ii) ndoa za kulazimishwa, (iii) nafasi ya mwanamke. Wahusika: Gulamu. Ni mbaguzi. Ni katili. Hana huruma. Hafai kuigwa na jamii." Mwanafunzi huyo anaweza kujaza ukurasa mzima juu ya ubaguzi na kupata alama zake zote, ilhali hajawahi hata mara moja kusimama na Yasmin mlangoni pa mjomba wake. Nawaelewa walimu. Mtihani unauliza dhamira, na mtoto anahitaji kufaulu. Lakini maneno "hafai kuigwa na jamii" yanafanya kazi moja mbaya sana: yanamtoa Gulamu katika jamii. Yanamfanya mtu wa pembeni, jini la kutisha watoto. Na akishakuwa jini, hakuna mtoto atakayemwona anafanana na baba yake.

Basi simama mlangoni hapo. Kipande hiki kisomwe polepole kuliko vyote. Msichana amerudi kwa jamaa yake, hana pa kulala, na mwenye nyumba ni kaka wa mama yake. Watoto wa Zanzibar wanajua maana ya mjomba. Wanajua nyumbani kwa mjomba mtu haombi ruhusa ya kuingia. Kisha mlango unafungwa.

Kitabu kikae chini, na mwalimu aulize swali moja tu: Gulamu akimpokea, atapoteza nini?

Mwanzoni watajibu yale ya daftarini: hana huruma, anabagua. Mwalimu asiyakatae, arudie swali. Atapoteza nini? Hapo ndipo mikono huanza kuinuka. Watu wa jamaa yake wataacha kuja kwake. Akiwa na mabinti, hawatapata wachumba. Wateja wake watamsema. Kwenye harusi atakaa peke yake. Watasema nyumba yake imeingia uchafu. Mmoja atasema, na karibu kila darasa yupo mmoja, "Watu watasemaje?" Maneno hayo hakuyapata katika riwaya. Ameyapata kwao.

Mwalimu aliyefika hapo keshafundisha zaidi kuliko kitini chote. Mtoto ameona kwamba ubaguzi una bei, na kwamba anayebagua mara nyingi anajilinda: analinda heshima, duka, posa za mabinti zake, nafasi yake katika watu. Haimaanishi kumsamehe Gulamu. Yasmin bado yuko nje na hana pa kwenda, na hilo lisisahauliwe hata kwa dakika moja. Maana yake ni kwamba sasa mtoto ana chombo cha kuujua ubaguzi popote utakapomtokea, hata ukija na sura ya shangazi anayempenda.

Katika madarasa yetu kuna jengine hutokea hapa. Mwanafunzi aliyehifadhi vizuri Kurani chuoni atainua mkono na kusoma Suratul Hujurat, aya ya 13, ile inayosema Mungu amewajaalia watu mataifa na makabila ili wajuane, na mbora wao ni mwenye kumcha zaidi. Darasa litaitikia, na mjadala utafungika. Nani ataongeza neno juu ya aya? Mwalimu aipokee kwa heshima yake yote, kisha aulize: wapo watu waliohifadhi aya hii tangu utoto, na bado wanamkataa mtu kwa asili yake. Inakuwaje? Na wanafunzi wakikwama, awakumbushe kisa cha Abu Dharr, kilichomo katika Sahihi Bukhari. Alimtusi mtu kwa mama yake, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia kwamba bado ana ujahilia, tabia ya kabla ya Uislamu, ndani yake. Abu Dharr hakuwa mtu wa ovyo. Ni sahaba mkubwa, mchamungu, mtetezi wa maskini. Kisa hicho kinawafungulia watoto jambo ambalo orodha ya "hafai kuigwa na jamii" inawafungia: mtu mwema anaweza kuwa nalo hili ndani yake, na akiambiwa, anaweza kulitoa.

Aya ya 11 ya sura hiyo hiyo, inayokataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya, itatufaa katika suala la matusi.

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa moja la Kidato cha Pili, skuli ya mjini, mwalimu akiwasomea sehemu yenye maneno ya dharau baina ya Wahindi na Waafrika. Neno la kwanza lilipotoka tu, vichwa vikageuka, vyote kwa pamoja, kumtazama msichana mmoja wa safu ya pili ambaye ukoo wao ni wa Kihindi. Hakuna aliyesema kitu. Yeye alikuwa akiandika, akaendelea kuandika, ila kalamu ilikuwa ikipita juu ya mstari ule ule. Mwalimu akamwonea huruma, na kwa nia njema kabisa akamwita kwa jina: "Wewe mwanangu, unaonaje?" Msichana akasema, "Sijui, mwalimu." Mpaka kipindi kinakwisha hakuinua tena uso.

Mwalimu yule namheshimu, na nia yake ilikuwa safi. Lakini mtoto hakuletwa skuli kuwa shahidi wa babu zake. Hakuwapo. Hajui zaidi ya wenzake, na pengine anajua kidogo kuliko wao, kwa kuwa nyumbani mambo hayo hayazungumzwi. Na asili zilizomo darasani si za kuonekana kwa macho tu. Pale pale palikuwa na mjukuu wa Mmanga, Mwarabu wa Oman, aliyepoteza kila kitu mwaka 1964, palikuwa na wa ukoo ulioingia Unguja kwa minyororo, palikuwa na wa baba Mnyamwezi aliyekuja kuchuma karafuu. Kila mmoja ana mahali pake panapouma, na wengine hawapajui wenyewe.

Kwa hivyo, kabla ya kusoma hata mstari mmoja, darasa zima liambiwe: hapa hakuna atakayeulizwa kwa niaba ya kabila lake, na hakuna atakayemgeukia mwenzake. Liambiwe mapema, siku ambayo hakuna aliyeumizwa bado. Likiambiwa baada ya vichwa kugeuka, linakuwa karipio, na yule mtoto anazidi kuonekana. Majibu ya mwanzo yaandikwe kwenye vipande vya karatasi bila ya majina, mwalimu achanganye na kusoma machache. Kwa njia hiyo watasikika wanyamavu, na mwenye dhihaka hapati hadhira.

Maneno yenyewe je? Wapo wanaoyaruka wakisoma, na wapo wanaowapa wanafunzi wayasome kwa zamu kama mistari mengine. Mimi naona yote mawili si sawa. Ukiliruka neno, unakipunguzia kitabu ukweli wake, na watoto watalitafuta wenyewe na kulichezea uwanjani. Ukimpa mtoto alitamke, umemlazimisha ama aumie ama aumize. Mwalimu alisome mwenyewe, mara moja, kwa sauti ya kawaida, aeleze lilitumiwa na nani kwa nani, na tangu hapo katika mjadala liwe "lile neno". Na lisitajwe peke yake. Kama "golo" limeelezwa kuwa dharau ya baadhi ya Wahindi kwa Mwafrika, basi "ponjoro" analoitwa Mhindi nalo lielezwe, na "machogo" anayoitwa Mbara na sisi wenyewe wa visiwani lielezwe pia. Darasa likisikia moja tu, litaondoka likidhani dharau ina kinywa kimoja.

Mtego mkubwa kuliko yote umejificha katika jambo zuri kabisa la riwaya hii. Anayempokea Yasmin ni Mwajuma. Aliyedharauliwa ndiye anayefungua mlango, na anafungua bila ya kuuliza bei. Watoto hulipenda hilo mno, na wana haki.

Linganisha na hali ilivyo Marekani. Huko riwaya inayosomeshwa zaidi juu ya ubaguzi, kwa watoto wa umri huu huu, ni To Kill a Mockingbird ya Harper Lee, iliyotoka mwaka 1960 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Anayesimulia ni msichana mdogo wa Kizungu, Scout, katika mji wa kubuni wa Alabama miaka ya thelathini. Baba yake, wakili Atticus Finch, anamtetea Tom Robinson, mtu mweusi aliyesingiziwa ubakaji. Mwaka 2017 wilaya ya skuli ya Biloxi, Mississippi, iliitoa riwaya hiyo katika masomo ya darasa la nane kwa sababu lugha yake iliwaudhi watu. Lakini wapo wasomaji, wengi wao weusi, wenye lawama nzito kuliko ya matusi: Tom Robinson mwenyewe hapewi nafasi kubwa ya kusema. Anatetewa, anahurumiwa, anakufa, na shujaa anabaki kuwa Mzungu mwenye moyo mzuri. Mtoto mweusi anayekisoma anajikuta ni mtu wa kuonewa huruma.

Adam Shafi ameugeuza mwendo huo. Katika kitabu chake huruma inatoka Ng'ambo, anakokaa Mwajuma. Mwajuma anasema, anacheka, anakosea, anaishi. Hakuumbwa ili tumsikitikie. Kwa mtoto wa Kizanzibari hiyo ni zawadi kubwa, na naomba kila mwalimu aitie mkazo.

Mtego uko hapa: kutoka hapo ni hatua moja tu kufika "Wahindi wabaya, Waafrika wema", na darasa lenye haraka litaipiga hatua hiyo lenyewe. Mwalimu awazuie kwa kitabu chenyewe. Wanaomwinda Denge wamo Waafrika pia, waliomo katika polisi wa mkoloni. Yasmin mwenyewe ni Mhindi, na ndiye tunayelia naye. Kisha arudi kwenye swali lake: Mwajuma akimpokea Yasmin, atapoteza nini? Jibu la watoto huwa la kuvutia. Wengi husema hana cha kupoteza kwa sababu ni maskini, na kwa sababu watu walikwishamsema zamani. Wachache husema anaweza kupoteza usalama wake. Waachwe wabishane. Wameanza kuona kwamba wema wake hautokani na rangi yake, na kwamba ubaya wa Gulamu hautokani na yake.

Mara nyingi hapo mwanafunzi mmoja atauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Mwalimu, Wahindi wengi walikwenda wapi?" Swali hilo halimo katika mtaala wa fasihi, lakini kitabu kimelileta, na mwalimu akikwepa, watoto watahisi hofu yake kabla ya kusikia jibu. Ajibu kwa ukweli na kwa kiasi. Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba 1963, Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Katika Mapinduzi watu waliuawa, Waarabu zaidi ya wengine, na maelfu ya Waarabu na Wahindi wakaondoka kwenda Oman, India, Uingereza na kwengineko. Serikali mpya ikagawa ardhi kwa eka tatu tatu kwa wasiokuwa nayo, na mwezi Septemba mwaka huo huo ikatangaza elimu bila ya malipo. Watoto ambao wazee wao wasingeingia skuli wakaingia. Yote hayo ni kweli kwa pamoja. Familia za wanafunzi waliomo darasani zimo katika pande zote za habari hiyo, na mwalimu asiigawe kati ya waliofaidi na walioumia kana kwamba ni timu mbili.

Mwaka 1970 palitokea tukio ambalo wazee wa mjini wanalikumbuka: wasichana wa asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali, kwa jina la kuvunja ubaguzi. Kwa Kidato cha Pili huenda likawa zito, na mwalimu apime darasa lake. Yeye mwenyewe, lakini, alijue. Litamkumbusha, pale anapoelekea kuifanya riwaya hii kuwa hadithi ya wakati uliopita uliokwisha na kusafishwa, kwamba Yasmin aliozwa na jamaa zake na wasichana wale waliozwa na dola.

Ukifundisha Wete au Chake Chake utakutana na kikwazo chengine. Watoto watakuambia hayo ni ya mjini Unguja. Pemba watu wa asili ya Kiarabu na Wapemba wengine wamechanganyika zaidi, wamelima na kuchuma pamoja, wameoana. Wana ukweli wao. Hapo neno la kuuliza ni kufu, yaani kulingana kwa wanaotaka kuoana. Waulize ni posa gani walizozisikia zikikataliwa kwa kuwa mtu si kufu, na sababu ilikuwa dini yake, au tabia yake, au ukoo wake. Hutahitaji kusema tena kwamba kisa kinawahusu.

Zoezi la kuandika ninalolipenda ni hili: "Eleza mara moja uliposikia mtu mwema, unayempenda, akimsema mwengine kwa asili yake au rangi yake. Usitaje jina. Kisha eleza unadhani aliogopa kupoteza nini." Aya moja tu. Yanayotoka huwa yale yale, na ndiyo maana yanauma: bibi anayemwambia mjukuu asikae juani atakuwa mweusi, msichana anayechekwa kwa nywele za kipilipili, posa ya kijana wa bara iliyorudishwa, mzaha wa Mpemba na pesa unaorudiwa kila mfungo mezani. Zisisomwe kwa sauti, hata bila ya majina, kwani katika mtaa mdogo hadithi inamjua mwenyewe. Mwalimu asome peke yake, aandike neno chini ya kila moja, azirudishe.

Na mzazi anapokuja? Atakuja, na mwalimu mkuu awe amekwisha kuambiwa. Aonyeshwe vile vipande vinne, avisome mwenyewe pale ofisini. Aelezwe kwamba mwanawe hasomeshwi pombe wala mapenzi. Kama ana malalamiko kwamba kabila lake limesemwa vibaya, asikilizwe mpaka amalize, kisha aulizwe kama angependa kuja kukaa darasani kipindi kimoja. Wengi hawatakuja. Wachache watakuja, na watoto watasoma vizuri zaidi siku hiyo.

Mtihani upo na hautaondoka, basi uandikwe vyengine. Badala ya "Eleza dhamira ya ubaguzi katika riwaya uliyosoma," uulize: "Gulamu anamfukuza Yasmin, Mwajuma anampokea. Kila mmoja angepoteza nini kama angefanya kinyume chake? Tumia mifano kutoka kitabuni." Anayeandika kwamba Gulamu ni mbaguzi na hafai kuigwa apate alama mbili katika kumi. Anayeonyesha hofu ya Gulamu kwa mifano apate sita. Anayeonyesha hofu hiyo, na bado akaeleza kwa nini haitoshi kumwacha msichana wa miaka 15 nje ya mlango, apewe zote.